Kabla Sijakukabidhi Zamu

Harith, kung'uta kwanza vumbi la Rusayl viatuni,
kisha chukua sweta langu pale msumarini.
Nje ni digrii arubaini na moja, saa sita za usiku,
humu ndani seva zinaishi Januari ya nchi nyingine,
nawe umekuja na kanzu nyepesi kama bwana harusi.

Kaa. Chai imo chupani, ina zaatari.
Nikwambie niliyoyalipia.

Ile programu ya miadi ya hospitali ya Ibri,
ya wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kabla ya alfajiri,
Biju aliifungasha Ruwi, kwenye mashine yake,
ikamtii mbele ya macho yake,
akaniletea: "Kwangu inafanya kazi."
Kwake ni kwake, Harith.
Kwake kulikuwa na faili alilolipakua mwaka juzi akalisahau,
na saa iliyotegwa kwa majira ya Kochi.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mimi ndiye niliyeubeba.

Saa tisa na dakika kumi, Ibri ikapiga simu.
Muuguzi, Ghaniya. Sauti yake haikupanda:
"Nina watu kumi na wanne kwenye mabenchi.
Miadi yao ni saa kumi.
Skrini inasema wote wamepitwa na saa."

Nikakimbilia ghalani kutafuta toleo la zamani.
Lebo: JIPYA.
La juzi nalo liliitwa JIPYA. La Shaabani, JIPYA.
Nyumba moja, watoto wote Said;
ukiita, nani aitike?
Na kila JIPYA lilikuwa limemmeza kaka yake.

Kilichotuokoa ni uchoyo wangu.
Nilikuwa nimeficha moja kwenye diski ya pembeni,
lenye namba, 4.2.7,
kwa woga tu, si kwa elimu.
Usiache mbachao kwa msala upitao.
Nikautandika mbachao wangu. Dakika sita.
Ghaniya akasema, "Wameonekana,"
akakata simu.

Basi: toleo lipe namba, usilipe sifa.

Fungasha kidogo. Kontena si sanduku la mtu aendaye Unguja,
la kutiwa birika, blanketi, halwa na viatu vya watoto wa jirani.
Kila kisichohitajika ni mlango,
na kuna mtu, sijui wapi, kazi yake kujaribu milango.

Nywila usiishonee ndani.
Niliikuta moja tabaka la tatu, imefutwa tabaka la nne,
wakadhani imekwenda.
Tabaka halisahau. Ilikuwapo, hina chini ya hina.

Mpangaji mpe ufunguo wa chumba chake, si wa jengo.
Mpimie na kumbukumbu;
akiachwa ale bila kibaba
asubuhi utawakuta jirani zake wamekufa njaa.

Na iliyo hewani usiitie mkono.
Mimi niliutia. Usiku mmoja nikarekebisha mstari mmoja, nikajisifu,
ikajizima, ikajiwasha,
mstari wangu haukuwapo, wala aliyejua kwamba ulikuwapo.
Kontena hufa, Harith. Usililie.
Kinachopasa kuishi, jina la mgonjwa, kitanda, saa,
kiweke nje yake, mahali penye nakala,
na nakala ijaribu kuirudisha kabla hujaihitaji.

Biju si mzembe. Kesho yake alileta ndizi za kukaanga,
hakusema samahani,
lakini siku hizi hujengea kwenye mashine tupu
na saa huiuliza mara mbili.

Wale kumi na wanne sikuwaona hata mmoja.
Nina mistari tu, kumi na minne,
amefika, amefika, amefika,
wa tisa alichelewa kidogo, na mpaka leo
namfikiria huyo wa tisa.

Ya leo ni 4.3.1.
Ile 4.2.7 iko palepale. Usiiguse.
Sweta libaki.
Mimi natoka nje nikaote joto.